Opera ya Kale Eastlands: Iimbwe kwa Kiswahili

Mtaa wa Korogocho, mashariki mwa jiji la Nairobi, hujulikana na wengi kwa sababu ya jaa la taka la Dandora lililo jirani. Hata hivyo, tangu mwaka wa 2008 mtaa huo umejipatia sifa nyingine. Mradi wa Ghetto Classics, ulioasisiwa na Elizabeth Njoroge, huwafunza watoto na vijana wa huko kupiga ala za okestra. Kwa hivyo, swali la iwapo muziki wa kale wa Ulaya unaweza kuota mizizi Eastlands limekwisha kujibiwa. Lililosalia ni suala la lugha. Vijana wa Korogocho, Kaloleni au Jericho wakipanda jukwaani kuimba aria za opera za karne ya 17 na ya 18, waziimbe kwa lugha gani? Makala haya yanashikilia kuwa waziimbe kwa Kiswahili.

Wapo watakaopinga kwamba sauti za Kiitaliano ndizo alizozikusudia mtunzi, na kuzibadilisha ni kuiharibu kazi. Hoja hiyo ina uzito, lakini historia ya opera yenyewe yaipunguzia nguvu. Mwaka wa 1711, Handel, mzaliwa wa Ujerumani, aliwaletea watu wa London opera ya Rinaldo kwa Kiitaliano. Mwaka huohuo, mwandishi Joseph Addison aliikejeli hadhira inayoketi kama wageni katika nchi yao, ikisikiliza maneno isiyoyaelewa. Mnamo 1728, John Gay alitoa The Beggar's Opera kwa Kiingereza, wahusika wake wakiwa wezi na watu wa vichochoroni. Ikaonyeshwa mara 62 katika msimu wake wa kwanza. Handel naye alitoa opera yake ya mwisho ya Kiitaliano mwaka wa 1741. Messiah, ambayo si opera bali ni oratorio, iliimbwa kwa Kiingereza mjini Dublin mwaka wa 1742. Kibwagizo chake cha Haleluya kinajulikana na wanakwaya wengi wa Kenya.

Isitoshe, Kiswahili kina sifa zinazokifaa kazi hii. Maneno yake huishia kwa irabu, sawa na mengi ya Kiitaliano, na irabu ndiyo inayombeba mwimbaji anapourefusha mlio. Mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo aghalabu katika Kiitaliano. Zaidi ya hayo, mishororo mingi ya aria hizo ni ya silabi saba au nane, na mshairi wa Kiswahili amelelewa katika mizani nane ya utenzi. Aria ya mtindo wa da capo ina beti mbili fupi, kisha ubeti wa kwanza hurudiwa kwa madoido. Umbo hilo halimtishi mtu aliyezoea kibwagizo.

Hata ala hazimzuii mtu. Muziki huu haukuhitaji okestra kubwa: fidla chache, selo na hapsikodi, yaani kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa, hutosha kuusindikiza wimbo. Fidla za enzi hiyo zilifungwa nyuzi za utumbo wa kondoo, na mlio wake mwororo haukuyafunika maneno. Maneno yanaposikika namna hiyo, hadhira isiyoyaelewa hukosa nusu ya sanaa.

Kazi iliyopo, basi, ni ya wanafunzi wa Kiswahili. Mwalimu Nyerere alithibitisha kwa Mabepari wa Venisi mwaka wa 1969 kwamba tamthilia ya Shakespeare yaweza kuvikwa Kiswahili. Tafsiri ya kuimbwa ni ngumu zaidi, kwani sharti neno zito liangukie noti nzito. Lakini mzazi wa Korogocho anayekwenda kumsikiliza mwanawe anastahili kuelewa ni kwa nini shujaa analia. Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa. Atatunzwaje na jamaa wasiojua anaimba nini?