TAHARIRI: MBEGU TUIPIME KABLA YA KUIPANDA



Mvua za vuli zinakaribia. Maksai wamepumzika, plau zinanolewa, na Kamati inajiandaa kutoa fedha za mfuko wetu kununua mbegu ya mahindi. Kabla fedha hizo hazijatoka, ukuta huu una neno la kusema, na neno lenyewe linaanza na kujikosoa.

Vuli iliyopita tulinunua mbegu ya pamoja. Ilikuwa ya kupima kwa kilo kutoka kwenye gunia lililofunguliwa, haina lebo, na bei yake ilikuwa nafuu. Sote tulifurahia ule unafuu. Hakuna aliyeuliza kama mbegu ile ni hai. Mimi katibu wenu nilitia sahihi kwa mkono wangu. Tukagawana, mvua ikanyesha, tukapanda. Siku ya kumi tukaenda kutazama: shina hapa, pengo pale, pengo tena, shina. Mjane mmoja wa hapa kwetu alichukua mahindi aliyoweka kwa chakula cha watoto akajazia mapengo. Mvua ikakatika kabla hayajashika. Akakosa mbegu, akakosa na chakula. Jambo hilo sijalisahau, na msinisaidie kulisahau.

Baadaye nilikuta mbegu iliyobaki kwenye debe. Nikahesabu punje 100, nikazifunga kwenye kipande cha gunia kilicholowa. Siku ya saba nikafungua. Zilizoota vizuri zilikuwa 58. Zilizokufa 42. Kumbe jibu tulikuwa nalo ndani ya nyumba siku zote, hatukuliuliza!

Sasa tufanye hesabu, maana darasa letu la jioni si la kujifunza kuandika majina tu. Ukipanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na sentimita 30 kati ya shimo na shimo, punje moja moja, ekari moja ina mashimo kama 18,000. Katika kila mashimo 100, mashimo 42 yalikuwa makaburi. Hiyo ni mashimo 7,560 katika ekari moja. Umelima, umepiga matuta, umepalilia, na karibu nusu ya shamba umeyahudumia magugu. Nani alitudhulumu? Muuzaji ana lake, lakini hata sisi tulijidhulumu.

Wapo watakaosema, "Haya ni mambo ya wasomi, babu zetu hawakuhesabu punje." Si kweli, ndugu. Babu zetu walichagua magunzi mazuri shambani, wakayaninginiza juu ya moshi wa jikoni ili fukusi wasiyaguse. Walijua kwamba mdudu akila kiini, punje haioti hata ikibaki nzuri kwa nje. Na siku hizi adui wameongezeka. Yupo dumuzi, yule tunayemwita Skania, aliyeonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 akasambaa nchini. Unyevu, joto la bati na kukaa muda mrefu navyo huua mbegu kimyakimya.

Tena kuotesha punje kabla ya kupanda si jambo geni. Akina mama wanaotengeneza kimea wanalijua kuliko bwana shamba. Wanaloweka mtama au ulezi, wanachuja maji, wanafunika, na baada ya siku mbili tatu wanajua nafaka ipi hai na ipi imekufa. Wakulima wa mpunga nao huloweka mbegu siku moja, wakaivundika siku mbili, ndipo wakaimwaga kitaluni. Kama mpunga tunauvundika na mtama wa pombe tunauotesha, mahindi yanayotulisha mwaka mzima yamekosa nini?

Basi tueleze kazi yenyewe hatua kwa hatua.

Kwanza, KUPIMA. Chota punje 100 bila kuchagua nzuri tu, maana ukichagua umejidanganya mwenyewe. Zipange juu ya kitambaa au gunia safi lililoloweshwa, zisigusane. Kunja, weka kivulini, nyunyizia maji kila siku. Palowe lakini pasielee. Siku ya nne tazama, siku ya saba hesabu zilizotoa mzizi na chipukizi lenye afya. Zikifika 90 mbegu ni nzuri. Zikiwa 70 hivi, ongeza mbegu shimoni ufidie. Zikiwa chini ya hapo sana, usipande; rudisha ulikonunua. Andika tarehe na idadi kwenye daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, KULOWEKA. Mbegu iliyofaulu, na ambayo haijatiwa dawa, iloweke kwenye maji safi usiku mmoja tu: jioni unaiweka, asubuhi unaitoa. Ianike kivulini mpaka ngozi ikauke isigandane mkononi, kisha ipande siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu. Punje imeshakunywa, kwa hiyo haisubiri kunywa ardhini, nayo huchomoza mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima wa sehemu kavu za India na Zimbabwe waliijaribu njia hii pamoja na wataalamu, wakaona mimea inachomoza haraka na kwa usawa zaidi. Kwetu sisi wenye luseni, udongo ule wa kichanga unaokauka upesi mvua ikiruka, siku moja au mbili ni kitu kikubwa.

Lakini tusizidishe. Mbegu ikikaa majini siku mbili inakosa hewa na kuoza. Na kama mvua bado haijakolea, usiloweke. Mbegu kavu inaweza kungoja ardhini. Iliyokwisha amka haina subira.

Tatu, KUOTESHA KABISA. Hii ni kwa eneo dogo unaloweza kumwagilia: kujazia mapengo, bustani za kule ziwani, au mahindi ya kuchoma unayotaka yawahi soko la mjini. Tumia kitambaa kilicholowa kama cha kupimia. Mzizi ukitokeza kidogo, mfupi kuliko ukucha, panda. Chimba shimo fupi, laza punje taratibu mzizi ukitazama chini, fukia sentimita 3 hivi, mwagilia. Mzizi ukiachwa ukarefuka utavunjika, na ukivunjika umepoteza kazi.

Vijana wetu walioanza kulima mahindi matamu, yale yanayotakiwa na hoteli za mjini, wasikilize hapa. Punje ya mahindi matamu ikikauka hukunjamana, kwa sababu sukari yake nyingi haikugeuka kuwa wanga. Ina akiba ndogo ya kuanzia maisha, ndiyo maana huoza upesi udongo ukiwa na maji mengi. Hiyo usiizamishe kwenye ndoo. Ioteshe polepole juu ya kitambaa chenye unyevu, ndipo uipeleke shambani. Na uipande mbali na mahindi ya kawaida, maana chavua yake ikiingia, utamu unapungua.

Nne, TAHADHARI. Mbegu nyingi za pakiti, hasa chotara, zimepakwa dawa yenye rangi. Hizo zipime punje chache tu kwa glavu au mfuko wa nailoni mkononi, lakini zipande kavu. Ukiziloweka unaosha dawa uliyoilipia na kutengeneza maji ya sumu. Punje zilizobaki asipewe kuku, zisisagwe, zisikaribie watoto. Maji yake yasimwagwe kisimani wala ziwani. Samaki wa Ziwa Viktoria ni chakula chetu pia.

Na kabla ya yote hayo, tazama lebo. Mbegu iliyothibitishwa ina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayodhibiti ubora wa mbegu chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003. Bei nafuu bila lebo tumekwisha ionja. Walakini hata yenye lebo ipime, kwani inaweza kuharibika dukani juani. Swali la aina gani ipandwe katika udongo gani tuwapelekee watafiti wa Ukiriguru. Ni jirani zetu pale Misungwi.

Ndugu wananchi, mwaka 1968 mkoa wetu wa Mwanza uliingizwa katika majaribio ya kisomo chenye manufaa, yaliyosaidiwa na UNESCO. Wazazi wetu walijifunza a, e, i, o, u huku wakijifunza kilimo bora cha pamba. Maana yake ilikuwa moja: herufi isiyofika shambani haijafika. Na Azimio la Iringa la mwaka 1972 lilitufundisha kwamba siasa ni kilimo. Mimi niliyejifunza kushika kalamu ukubwani, chini ya mwembe, naona aibu kwamba nilijua kuhesabu hadi mia, lakini sikuhesabu punje mia kabla ya kutia sahihi. Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu naye hulelewa akakua.

Kwa hiyo ukuta huu unaomba mkutano ujao uazimie mambo matatu:

1. Kamati isilipe fedha ya mbegu mpaka punje 100 za mbegu hiyo zipimwe hadharani kwa siku 7, na hesabu ibandikwe hapa ukutani.

2. Kazi ya kupima wapewe akina mama wazoefu wa kimea pamoja na wanafunzi wa darasa la jioni. Katibu asiwe miongoni mwao. Yeye asubiri hesabu ndipo atie sahihi.

3. Kabla ya kugawa mbegu mpya, yule mjane aliyepoteza chakula chake arudishiwe debe lake kutoka mfuko wa ushirika. Mfuko ukikataa, katibu atalitoa kwake.

Gharama ya kupima ni kipande cha gunia, maji kidogo na siku saba. Gharama ya kutopima mmeiona kwa macho.

Aliyesoma amsomee asiyejua kusoma. Tukutane mkutanoni.

KILIMO NI UHAI. UMOJA NI NGUVU.

Katibu