Hana Alilia Kwanza

Ndugu msomaji, huenda mawifi wamekwisha kukuuliza utazaa lini, na kanisani ukaambiwa kwamba machozi ni upungufu wa imani. Basi mtazame Hana, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Mwaka hata mwaka Penina, mke mwenziwe, alimchokoza kwa ugumba wake. Mumewe Elkana akamwuliza kama yeye hakumfaa kupita wana kumi. Faraja ya kiume hiyo! Hana alikwenda hekaluni Shilo, akalia mbele za Mungu, midomo ikitikisika pasipo sauti, hata kuhani Eli akamdhania mlevi. Akajieleza kwa adabu, Eli akambariki. Ndipo akala chakula, uso ukakunjuka. Mimba ilikuwa bado haijatungwa.