Pilau si malipo ya sikukuu

Sikukuu ikikaribia, karatasi hubandikwa ukutani karibu na daftari la mahudhurio: wafuatao watakuwa kazini. Majina yanafuata. Kuhusu malipo, kimya. Siku yenyewe ikifika, bosi mwenye roho nzuri huleta sinia la pilau na kreti la soda, watu wanakula kwa zamu na kushukuru, na mwisho wa mwezi mshahara unaingia uleule wa siku zote.

Hatuna ugomvi na pilau. Ugomvi wetu ni na mwajiri anayedhani kwa sinia lile amekwisha kulipa.

Kifungu cha 25 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakina kona. Mfanyakazi akifanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa, mwajiri atamlipa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya kazi siku hiyo. Hakijasema mwajiri akipenda, wala biashara ikichangamka. Ile “ofu” ya Jumanne ambayo wasimamizi hupenda kuigawa kama fidia ya kufanya kazi Krismasi nayo haimo. Mwajiri anaweza kuitoa kwa hisani yake, lakini deni la siku iliyofanyiwa kazi linabaki.

Tuweke namba mezani, maana ubishi mwingi huzaliwa hapo. Jedwali la sheria hiyo linaeleza namna ya kupata malipo ya saa moja: mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 ili kupata wa wiki, kisha kwa saa za kawaida za kazi katika wiki. Mhudumu wa kituo cha mafuta mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 na saa 45 kwa wiki, saa yake moja ni kama shilingi 2,000. Siku ya Uhuru kila saa yake ni shilingi 4,000. Akishika pampu saa nane, siku hiyo ina thamani ya shilingi 32,000. Kilo moja ya mchele na kipande cha nyama havifiki huko.

Zingatia neno msingi. Posho ya nauli na ya nyumba hazimo katika hesabu hii, na ndiyo maana waajiri wengine hupunguza mshahara wa msingi na kunenepesha posho. Anayesaini mkataba wa namna hiyo kwa furaha ya jumla kubwa chini ya karatasi ataujua utamu wake sikukuu ya kwanza.

Tuwatendee haki waajiri pia. Likizo ya mwaka ya siku 28 inajumuisha sikukuu zinazoangukia ndani yake. Aliyeomba likizo Desemba asirudi Januari akidai aongezewe siku ya Krismasi, sheria haimpi. Na wakuu wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo katika kanuni hizi za saa za kazi. Ila hapo ndipo ujanja ulipojificha. Siku hizi kila anayeshika funguo za duka anaitwa meneja, na cheo hicho hukumbukwa zaidi malipo ya sikukuu yanapodaiwa. Meneja asiye na wa kumsimamia, anayefagia duka mwenyewe asubuhi, ni muuza duka.

Kuna waajiri wa Bara ambao mpaka leo huiona tarehe 12 Januari na 7 Aprili kama mambo ya Zanzibar. Mapinduzi na Siku ya Karume ni sikukuu za Jamhuri ya Muungano, na zinalipwa Bara sawa na Nanenane. Kinachotofautiana ni sheria ya kazi: Zanzibar wana yao, Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005.

Idi nayo ina vituko vyake. Watu wanasubiri mwezi, tangazo linatoka usiku, na asubuhi msimamizi anashikilia kuwa ratiba ilibandikwa kwa siku nyingine. Mwezi haumsubiri msimamizi. Mwajiri makini hupanga ratiba mbili mapema, moja ya mwezi ukionekana na nyingine usipoonekana, na kila mtu anajua zamu yake kabla ya kulala.

Halafu kuna fukwe na kumbi ambazo kiingilio hupanda siku ya Idi na Krismasi. Mwenye eneo anajua vizuri kuwa siku hiyo ni ghali. Ameiuza kwa bei yake. Anayekata tiketi mlangoni, na mlinzi anayewatoa watoto kwenye maji ya kina kirefu hadi saa moja usiku, wanalipwa kwa bei ya Jumatano. Kwa hiyo hoja kwamba biashara haihimili malipo mara mbili haina miguu, angalau kwa wale ambao sikukuu ndiyo msimu wao wa mavuno.

Kibarua wa kutwa ana shida tofauti. Akiitwa sikukuu na akafanya kazi, kifungu kinamgusa. Kiwanda kikifungwa, kifungu cha 25 hakimsaidii kitu, kwa sababu kinazungumzia saa zilizofanyiwa kazi. Mwezi wa Aprili, wenye Karume na Muungano, na mara nyingi Pasaka pia, kwake ni mwezi wa njaa. Bunge lililotunga sheria hii miaka zaidi ya 20 iliyopita linapaswa kurudi hapo.

Wasomaji wetu wengi ni waajiri bila kujiita hivyo. Dada wa kazi aliyeamka alfajiri ya Krismasi kukaanga maandazi, akapokea wageni, akaosha vyombo mpaka usiku, ni mfanyakazi. Sheria hii haikumtoa. Iliowatoa ni wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Kitenge kipya ni zawadi nzuri na apewe, pamoja na malipo yake.

Usimamizi ndio mahali pabovu zaidi. Ofisa kazi ana mamlaka ya kuingia eneo la kazi bila hodi ya barua, kukagua nyaraka na kutoa amri ya utekelezaji. Lakini sikukuu naye yuko nyumbani kwake, na hatumlaumu. Sababu ya kutokuja siku inayofuata ndiyo hatuioni. Daftari la mahudhurio la tarehe 26 Desemba halifi tarehe 27. Waziri mwenye dhamana ya kazi aagize ukaguzi wa madaftari na orodha za mishahara kila baada ya msimu wa sikukuu, aanze na kampuni za ulinzi, vituo vya mafuta na mahoteli. Daftari lenyewe lioneshe saa ya kuingia na ya kutoka, kwa sababu malipo ni kwa saa. Alama ya vema haitoshi. Na slipu ya mshahara iwe na mstari wake: sikukuu, saa kadhaa, shilingi kadhaa. Pasipo mstari huo, mfanyakazi hajui kama amelipwa, na mwajiri aliyelipa kwa haki hana cha kuonesha.

Mfanyakazi naye ana kalenda ya kuangalia. Mgogoro wa malipo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea, kwa kujaza fomu namba moja. Wengi husubiri mpaka waachishwe kazi ndipo waorodheshe sikukuu za miaka minne, na hapo hujikuta wakiomba kwanza kuruhusiwa kuchelewa. Aliyekuwa kazini Sabasaba na Nanenane apige picha ile karatasi ya ukutani siku inapobandikwa, ailinganishe na slipu yake ya mwezi huo, na kama haioni hela aulize kwa maandishi kabla Septemba haijaanza.