Foleni ya benki haifai wodini

Leo naweka kando habari za simu na intaneti niongee juu ya wauguzi, maana wao wamenifunza jambo ambalo sikulipata chuoni.

Nilipewa kazi ya kuandika programu ya kutunza mipango ya wauguzi katika wodi moja. Nikapanga matatizo ya mgonjwa kama foleni ya benki: lililoandikwa kwanza linakaa juu. Sista mmoja akatazama skrini, akaniuliza, "Kijana, huyu mama anahema namna hii, mbona kompyuta yako inaniambia nianze na kufunga choo?" Sikuwa na jibu.

Wauguzi wana utaratibu wao. Kwanza njia ya hewa, pili kupumua, tatu mzunguko wa damu. Kufunga choo na hofu ya upasuaji havisahauliki, ila vinangoja. Kisha kila tatizo huwekewa lengo la kupimika, kwa mfano: ndani ya saa moja apumue si zaidi ya mara 20 kwa dakika. Saa ikifika muuguzi anarudi kupima. Lengo likikosekana, mpango unabadilishwa.

Basi nikadhani dawa ni alama. Uingereza wanatumia NEWS2, iliyotolewa na Royal College of Physicians mwaka 2017. Kupumua, oksijeni, presha, mapigo ya moyo, joto na fahamu, kila kimoja hupewa alama 0 hadi 3. Kompyuta ijumlishe, mwenye alama nyingi awe wa kwanza. Rahisi, sivyo?

Hebu tazama. Mgonjwa wa kwanza anapumua mara 26 kwa dakika, mengine yote ni sawa: jumla 3. Wa pili ana oksijeni 95, presha ya juu 105, mapigo 95 na joto 38.5, alama moja moja: jumla 4. Kompyuta itamweka wa pili juu. Lakini mwongozo wenyewe unasema alama 3 katika kipimo kimoja inataka mgonjwa aangaliwe haraka, na jumla ya 4 iliyotawanyika hivyo haijafika hapo. Hesabu ni sahihi, foleni ni mbovu!

Maoni yangu ni haya: sisi waandishi wa programu tusimfungie muuguzi orodha. Ipangwe upya kila kipimo kipya kikiingia, naye aweze kumpandisha mgonjwa juu na kuandika sababu. Najua wengine mtasema binadamu huchoka, kompyuta haichoki. Kweli kabisa. Kwa hiyo kompyuta ipige kelele hatari ikionekana, hata usiku wa manane. Lakini uamuzi wa nani ahudumiwe kwanza uachiwe aliyesimama kando ya kitanda, kwa sababu yeye anamwona mgonjwa. Programu yangu inaona namba tu.

Wauguzi mnaosoma hapa, nikosoeni. Tuonane wiki ijayo.