Aliyechangia figo hakuchangiwa

KIBARAZANI
Na Zuhura Mwinyikombo

Daftari letu la michango lina kurasa 96 na jalada lililochakaa pembeni. Kushoto jina, katikati ahadi, kulia taslimu. Mhazini wa mtaa hupiga mstari kwa rula chini ya kila aliyemaliza ahadi yake. Mwaka jana tulilifungua kwa ajili ya jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa akienda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki mpaka mdogo wake wa kiume akakubali kumpa figo. Tulichanga kama watu wa harusi. Figo ikapandikizwa, mwalimu akarudi nyumbani, tukapika pilau, daftari likafungwa.

Miezi miwili baadaye nilimkuta yule mdogo wake sokoni, amekaa juu ya mkokoteni wake mtupu. Kazi yake ni kubeba magunia. Daktari alimkataza kunyanyua kitu kizito kwa wiki sita, na kwa mbeba mizigo hizo ni wiki sita bila senti. Kodi ya chumba ilikuwa imemlalia. Tarehe ya kurudi kliniki kupimwa presha na mkojo ilimpita kwa kukosa nauli. Hakunilalamikia hata kidogo. Niliporudi nyumbani nililiomba daftari nikalipekua ukurasa kwa ukurasa. Jina lake lilikuwamo: elfu kumi, taslimu. Alimpa kaka yake figo, na bado akachanga pamoja nasi. Sisi hatukumchangia.

Kwetu Tanzania figo hutolewa na ndugu aliye hai. Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza Novemba 2017, ikisaidiwa na wataalamu wa hospitali ya BLK ya New Delhi. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, ikisaidiwa na Wajapani wa Tokushukai. Zamani mgonjwa na ndugu yake walilazimika kupanda ndege kwenda India. Safari imefupika, nashukuru sana. Lakini mtu wa Songea au Bukoba bado anahitaji nauli, pa kulala wakati wa vipimo, na chakula cha wanawe akiwa wodini. Na kliniki yake haiishi siku anaporuhusiwa: aliyebaki na figo moja anapaswa kupimwa kila mwaka.

Akitunzwa anaishi vizuri. Desemba 23, 1954, mjini Boston, Ronald Herrick alimpa figo pacha wake Richard, na huo ndio upandikizaji wa figo wa kwanza uliofanikiwa duniani. Richard aliongezewa miaka minane. Ronald alifundisha hisabati na kulima, akafariki mwaka 2010, miaka 56 baada ya kutoa figo.

Wapo watakaouliza: kumpa pesa mchangia figo si kuinunua figo yake? Swali ni la haki, maana maskini wengi duniani wamechanjwa mbavu kwa ahadi za madalali. Azimio la Istanbul la 2008 linapinga biashara hiyo, lakini linakubali mtoaji arudishiwe gharama halisi zenye uthibitisho, pamoja na kipato alichokikosa. Kwa hiyo mfuko wa kuwasaidia wachangia figo ulipe kwa risiti na kwa kanuni moja kwa wote, wala usimpe mtu zawadi kwa sababu ametoa kiungo.

Ndiyo maana nawaomba wasomaji wangu tubadili namna ya kuchanga. Harambee huja mgonjwa akiwa hoi, na wenye jamaa wengi ndio wanaopata. Chama cha hisani cha wachangia viungo kinachoingiza kidogo kila mwezi kinaweza kumwambia ndugu wa mgonjwa, kabla hajalala kitandani: kodi ya chumba chako ipo, nauli ya kliniki ipo. Mtu akijua hilo, hata woga wake hupungua. Shilingi elfu mbili za kikoba kila mwezi, au makato madogo ya mshahara mliyokubaliana kazini, nazipa uzito kuliko milioni ya siku moja.

Wenye mali tuitazame wakfu. Pwani tumezoea kuweka wakfu minazi na nyumba kwa ajili ya misikiti na madrasa. Kodi ya fremu moja ya duka inaweza kuwalipia wachangia figo nauli ya kliniki mwaka baada ya mwaka. Familia yenye msiba inaweza kuomba sehemu ya rambirambi iende kwenye mfuko huo. Wakimbiaji nao wameshatuonyesha njia: mbio za benki ya CRDB zimewachangia watoto wanaohitaji upasuaji wa moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Na mwenye chumba cha uani karibu na hospitali akitoe kwa wiki mbili, chumba nacho ni mchango.

Ila msitume pesa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Ulizeni cheti cha usajili, akaunti yenye jina la chama, na hesabu zilizokaguliwa. Anayekasirika akiulizwa hesabu, mwacheni.

Jumapili mhazini wetu alichukua rula akaongeza safu ya nne katika daftari, juu yake akaandika "mchangia figo". Wa kwanza kuandikwa ni yule kijana, miezi mitatu ya kodi na nauli ya kliniki. Wa kwanza kulipa alikuwa mwalimu.