Kutoka Mezani Hadi Kiganjani: Usanifu wa Chati kwa Simu

Wanachuo wetu watatu walikwenda Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, kuchapisha chati ya silabi kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha. Chati hiyo waliisanifu bwenini kwa simu. Katika kioo cha simu ilipendeza mno: visanduku vya silabi vimenyooka, picha ya kuku ni safi, rangi zimekoza. Fundi aliipokea kwa WhatsApp, akaitanua hadi ukubwa wa karatasi ya A2, akaichapa. Walirudi chuoni na karatasi ambayo kuku wake alikuwa katika ukungu na herufi zake zilikuwa na meno kama msumeno. Mmoja wao alisema kwa uchungu kwamba simu si chombo cha kazi, na kwamba laiti wangepata kompyuta, aibu ile isingewafika.

Sisi twaielewa hasira yake, lakini hukumu yake hatuikubali.

Yafaa tukumbuke mwalimu wa shule ya msingi ana chombo gani mkononi. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi ile kwisha. Wengi wana simu janja zao wenyewe. Kompyuta ya mezani, kama ipo shuleni, mara nyingi ni moja, nayo imo ofisini kwa mwalimu mkuu pamoja na orodha za mitihani. Hata hivyo sisi wakufunzi twaendelea kumfundisha mwanachuo usanifu wa zana kana kwamba maisha yake yote atakaa mbele ya kipanya. Siku anapofika kituo chake cha kazi hukuta kwamba alichojifunza na alichonacho havilingani, naye huacha kutengeneza zana kabisa. Wanaopata hasara ni watoto.

Programu kubwa za usanifu zilizaliwa mezani. CorelDRAW ilitoka mwaka 1989 na Photoshop mwaka 1990, na kwa miaka mingi mafundi wa mabango, kadi za harusi na fulana za siku ya mechi ya Simba na Yanga wamezitegemea. Kila kitu ndani yake kimepangwa kwa kuamini kwamba mtumiaji ana kipanya. Ncha ya mshale wa kipanya hugusa nukta moja tu ya kioo. Kidole hakina ncha ya namna hiyo. Ni kinene, na kibaya zaidi, hufunika kile kile kinachoguswa. Ndiyo maana watengenezaji wa programu za simu hushauriwa kwamba kitufe kisipungue upana wa milimita 9 hivi. Ukichukua safu ya vitufe arobaini vya programu ya mezani na kumpa kila kimoja milimita hizo, sehemu kubwa ya kioo cha simu imeliwa na mahali pa kuchorea pamebanwa.

Tena kuna mambo ambayo kipanya huyafanya na kidole hakiwezi. Mshale ukitulia juu ya kitufe pasipo kubofya, maelezo ya kitufe hicho hutokea. Kidole ama kimegusa ama hakijagusa. Kitufe cha kulia cha kipanya, kifunguacho orodha ya amri, hakipo. Mahali pake mtu hubonyeza na kushikilia, ishara ambayo hakuna aonyeshwaye mpaka aambiwe na mwenzake. Kwa upande mwingine vidole viwili vina uwezo ambao kipanya hakikuwa nao: huvuta picha na kuizungusha kwa tendo moja, kama mtu ageuzavyo karatasi juu ya meza.

Kwa hiyo programu haihamishwi kutoka mezani hadi kiganjani kwa kuipunguza ukubwa. Hapana budi kuamua kipi kiachwe. Photoshop ilipoletwa katika iPad mwaka 2019, wengi walinung'unika kwa kuwa amri nyingi walizozizoea hazikuwamo. Mfano tunaoupenda zaidi, na ulio karibu na kazi yetu, ni wa Scratch, programu ya watoto ya kubuni michezo na hadithi, iliyotolewa mwaka 2007 kwa ajili ya kompyuta. Mwaka 2014 ikatolewa ScratchJr ya vishikwambi, kwa watoto wa miaka mitano hadi saba. Wabunifu hawakuibana ile ya kwanza. Waliondoa maneno katika vipande vya amri wakaweka picha, wakapunguza idadi ya vipande, na badala ya kuvipanga kutoka juu kwenda chini wakavipanga kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtoto anavyojifunza kusoma. Walianza na mkono wa mtoto na umri wake, kisha ndipo wakauliza programu iweje. Mwalimu yeyote aliyewahi kuandaa somo anaijua kazi hiyo, hata kama hajawahi kuiona programu yenyewe.

Turudi kwa chati ya wanachuo wetu. Kosa halikuwa la simu wala la fundi. Picha waliyoianzisha ilikuwa na upana wa nukta 1080, kipimo kinachofaa kutazamwa kiooni. Karatasi ya A2 ina upana wa sentimita 42, yaani inchi 16 na nusu. Ukizitandaza nukta hizo hapo wapata kama 65 tu kwa kila inchi. Chati ya ukutani yahitaji walau 150, maana yake upana wa nukta 2480 na urefu wa 3508. Tena WhatsApp huipunguza picha inapotumwa kama picha. Yafaa itumwe kama hati, na ikiwezekana iwe ya PDF, ambamo herufi zikihifadhiwa kama herufi hubaki kali hata zikikuzwa. Kipimo hicho huwekwa kabla ya kuchora mstari wa kwanza. Kazi ikisha kukamilika, kukitengeneza upya ni sawa na kuanza upya.

Lakini kuna jambo ambalo simu yatufundisha na kompyuta yatuficha. Mtu aketiye mbele ya kioo kikubwa, nusu mita kutoka machoni, huona nafasi tele naye huijaza: silabi, sentensi, maelekezo, mapambo, na jina lake chini. Mtoto wa dawati la nyuma haoni hata nusu yake. Sasa fanya hesabu. Chati yenye upana wa sentimita 42 ikitazamwa kutoka mita 6 huonekana kwa ukubwa ule ule wa kioo cha simu chenye upana wa sentimita 7 kikitazamwa kutoka mita 1. Basi, ndugu mwanachuo, chati yako ikienea upana wote wa kioo, isimamishe simu juu ya meza, rudi nyuma hatua moja kubwa, usome. Usichoweza kukisoma wewe, mtoto wa nyuma hatakisoma. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi moja, nasi twakiri kwamba katika miaka yetu ya kufundisha kwa kompyuta hatukuwahi kukifikiria.

Hatusemi kwamba kila kazi yafaa kidole. Kijitabu cha kurasa thelathini, au ramani ya mipaka ya wilaya yenye kona nyingi, bado twaipeleka mezani bila kusita. Wala hatupendi maelekezo ya somo yanayonakiliwa kutoka mezani, yasemayo «bofya kulia» kwa darasa lenye simu mikononi. Mkufunzi aandike upya kwa kuangalia vidole vya wanafunzi wake vikifanya kazi, na vile ambavyo vidole haviwezi avifute katika somo.

Wanachuo wale watatu walianza upya kwa simu zile zile. Visanduku vya silabi vilikuwa ishirini na vitano. Walipoisimamisha simu na kurudi nyuma wakabakiza kumi, na kuku mmoja mkubwa. Fundi yule yule wa Msimbazi akawachapia.