Wapangaji nao walipe kadiri watumiavyo





Huku mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Ujiji hadi Ilagala ninakofundisha, wengi wetu twapanga chumba kimoja au viwili katika nyumba yenye mita moja ya LUKU. Kila mwezi ni ugomvi. Mwenye jokofu na mwenye taa moja wanachangishwa sawa, na stakabadhi hatuzioni.

Hasara yake inahesabika. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi ni shilingi 350. Chukua familia sita, kila moja ikitumia uniti 20. Kila moja ikiwa na mita yake, jumla ni shilingi 12,000 kabla ya kodi na tozo. Zikichangia mita moja, uniti hizo 120 ni shilingi 23,250. Yaani makabwela sita wakikaa nyumba moja wanahesabiwa kama tajiri mmoja!

Kisha ipo kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500. Jengo ni la mwenye nyumba, anayenunua umeme ni mpangaji. Katika nyumba niliyopanga, tulipoomba fedha hizo zipunguzwe kwenye pango tuliambiwa asiyetaka ahame.

Mpangaji akalalamike wapi? EWURA husikiliza mgogoro wa mteja na shirika, lakini mita imeandikwa jina la mwenye nyumba.

Napendekeza TANESCO irahisishe kila familia kupata mita yake. Pale isipowezekana, mwenye nyumba afunge mita ndogo kila chumba. Halmashauri za vijiji nazo zitunge sheria ndogo: stakabadhi zibandikwe ukutani, kodi ya jengo itolewe kwenye pango, na mwenyekiti wa kitongoji asuluhishe kabla mtu hajatolewa vyombo nje.

LUKU maana yake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Wapangaji nasi twataka maneno hayo yatimizwe.

Mwalimu Mpangaji,
Ilagala, Kigoma.